Poni Si Adhabu ya Mtu

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu jana. Nimewasha mkaa, nimechemsha maji, nimemkanda Poni miguu kwa kitambaa cha moto. Kidonge cha damu. Kikombe cha maji. Hataki. Nimemwimbia mpaka akakubali. Kisha soksi, mbili kila mguu. Watu wa mtaa wetu wa Munuki wananicheka, ati mtoto wa Juba na soksi. Wacheke.

Daktari alisema damu ya Poni imepinda kama mundu, ndiyo maana baridi ikija mifupa inamuuma. Alisema imetoka kwangu na kwa baba yake, Danieli, nusu kwa nusu, ingawa sisi wenyewe ni wazima. Danieli alisikia kwa masikio yake. Tukatoka, akawasha pikipiki. Hajalitaja tena.

Nimemwacha Poni kwa mama mkwe, nikaenda mtaa wa Thongpiny kuuza chai. Jioni amenikimbilia. Anakimbia vibaya kama bata. Moyo wangu!

Jumatano, 5 Juni

Mama Rebeka, kiongozi wa akina mama kanisani, amekuja kwenye chai yangu. Amekunywa, amefuta mdomo, halafu: "Mama Poni, mtoto haugui hivi bure. Huko kambi ya wakimbizi Kenya ulifanya nini?"

Nikamwambia nilisoma mpaka darasa la sita na nilipanga foleni ya maji. Hakucheka.

Yeye na wenzake wanataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa nikiri dhambi iliyomletea Poni ugonjwa. Nikikiri, watakuja nyumbani, watatandika mikeka, watakaa nami na kuomba, kama wanavyofanya kwa kila mama mwenye mgonjwa. Nisipokiri, hakuna atakayekuja. Hapa mgonjwa wako akikosa watu mkekani, ujue umeshatengwa.

Nina hasira. Hata maziwa nimeyaunguza.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe amekataa kumshika Poni. Mpaka nikiri Jumapili, anasema. Hakunitazama usoni. Amekunja soksi za mtoto, akanipa, akarudi ndani.

Leo hakuna chai. Nimekaa nyumbani.

Danieli alipotoka stejini kwenye bodaboda yake nikamwambia, wewe ulimsikia daktari, mwambie mama yako. Akajibu akiangalia viatu vyake: "Sema tu kitu, Mama Poni. Hata kidogo. Nyumba itulie."

Nampenda huyu mtu. Leo sikumpenda.

Jumamosi, 8 Juni

Dhambi ninazo. Ulimi mkali. Wivu kwa jirani mwenye watoto wanene. Hizo Mungu anazijua, tunaongea kila siku. Lakini ya kumvunja mtoto mifupa sina. Nimetafuta mpaka kichwa kikauma.

Basi nikatunga moja. Nilikuwa naosha sufuria. Mwanamume wa kambini, nikampa jina, nikampa hata shati la kijani. Nikaisema kwa sauti ili nizoee. Machozi yakatoka yenyewe! Uongo mzuri kabisa. Wangenikumbatia wote.

Poni alikuwa ndani ya beseni, ananiangalia. Nilipomaliza akapiga makofi.

Huyu atakua. Siku moja mtu atamwambia, wewe ni adhabu ya mama yako, mwenyewe alikiri mbele ya kanisa. Nitamjibu nini?

Hapana. Sisemi.

Halafu nikawaza juu ya Yesu. Yeye hakuwa na kosa lolote, na walimpiga na kumtundika. Watu wakapita wakisema, Mungu amemwacha. Kwa hiyo Yeye anajua. Hawezi kumtazama mtoto anayelia akauliza nani amekosa. Hilo nimeliona leo, mikono ikiwa na povu. Hakuna aliyenifundisha.

Kesho nitasimama. Lakini siyo wanavyotaka.

Jumapili, 9 Juni

Nimesimama. Tulitembea mpaka Nyakuron, kwenye kanisa letu, Poni mgongoni. Mchungaji akaniita, nikaenda mbele.

Nikasema: Nina dhambi nyingi, lakini hii siyo yangu. Sijui kwa nini mtoto wangu anaumwa. Mungu hajaniambia. Sitamdanganya nyumbani kwake ili nyinyi mje kwangu. Naomba mtuombee, basi.

Mama Rebeka akasema kwa sauti ya kusikika, "Kiburi cha kambini hicho." Mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka. Mama mkwe alikuwa anaangalia sakafu.

Kurudi, Danieli alitangulia. Lakini soksi ya Poni ilipoanguka kwenye matope, akarudi, akaiokota, akatoa nyingine mfukoni mwangu, akamvalisha mwenyewe. Pale pale mbele ya wenzake wa steji. Mmoja akamtania, "We Danieli, umekuwa yaya?" Akaendelea kuvuta soksi.

Jumanne, 11 Juni

Poni amezidiwa. Mikono imevimba kama mandazi. Analia mpaka sauti inakwisha, halafu mdomo unabaki wazi bila sauti. Tuko kliniki. Dripu. Mshipa ulikataa, ukakataa tena, nesi mwenyewe akawa anatokwa jasho.

Tulipokuwa tunatoka nyumbani jirani alisema getini, si alikataa kukiri? Na mimi, kwa muda kidogo, niliamini. Nikawaza nirudi kanisani nikiri lile la shati la kijani.

Halafu nikaomba hivi. Mungu, nimekukasirikia. Lakini siendi popote. Nitakaa hapa hapa na hasira yangu, na Wewe ukae hapa hapa.

Sina ombi lingine. Simwachi mtoto, simwachi Mungu.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe amekuja kliniki. Amesimama mlangoni na mwavuli, haingii, hatoki.

Danieli akainuka. "Mama, daktari alisema hata mimi. Nusu ni damu yangu. Nilisikia, nikanyamaza."

Nilidhani mama mkwe atampiga kofi. Alikuja kitandani, akashika mkono wa Poni uliovimba, akaugeuza huku na huku.

"Kaka yako alikuwa na mikono hii hii."

Danieli hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na kaka. Mimi pia.

"Walinisimamisha mbele," akasema. "Nilitubu. Hata nisiyoyafanya nilitubu. Akafa tu."

Sikufurahi kwamba nilikuwa na haki. Nilimsogezea kiti.

Jumapili, 16 Juni

Tumerudi nyumbani. Manyunyu. Kanisani sikwenda, Poni bado mnyonge.

Asubuhi mama mkwe alikuja na mkeka kwapani. Akautandika mlangoni kwangu, akakaa. Hakusema maleshi, yaani samahani, na mimi sikumdai. Akina mama wakipita kwenda ibada na vitenge vyao wanamwona. Mmoja alisimama, akaangalia kulia na kushoto, akavua viatu, akaja akaketi. Wengine wakapita. Mama Rebeka akapita. Sawa.

Waliomba polepole. Hakuna aliyeuliza kitu. Mama mkwe alitaja jina la mtoto wake aliyekufa, mara moja tu, kama mtu anayejaribu kuona iwapo mlango bado unafunguka.

Danieli ametuchotea maji kabla ya kwenda stejini.

Poni ataumwa tena, daktari hakunificha. Kwa nini, sijui. Labda sitajua nikiwa hapa duniani. Ninayemtegemea namjua.

Poni amekunywa kikombe kizima cha maji, bila wimbo. Sasa amelala mkekani katikati yetu. Soksi zinakauka karibu na jiko. Mama mkwe anazigeuza.