Kwa Baba Kulwa, Aliyekosa wa Kumpokea Jela

Mume wangu, Baba Kulwa,

Ulikufa ukidhani sikuyafikisha maneno yako. Mzee Bitama, aliyelala mkeka mmoja na wewe jela, aliniambia kwamba siku zile za mwisho kila lango lilipolia uligeuza uso, halafu ukasema, "Labda Mama Kulwa amepata shida njiani." Sikupata shida njiani. Nilifika, nikasema, nikakataliwa, na walionikataa walikuwa wazima na wameshiba. Miaka imepita na bado nikikumbuka nyuso zao mate yananijaa mdomoni. Nimesoma darasa la akina mama la misheni, mkono wangu sasa unajua kalamu, kwa hiyo nakueleza mwenyewe, bila mtu wa kuniandikia na kulainisha.

Kwanza nikukumbushe ulivyorudi kutoka Geita. Ulishuka kwenye lori la mgodi na sanduku lako la bati na kile kikohozi kikavu, na mvua ikaanza kunyesha hapo hapo. Watu wakakimbilia barazani kwa Mhindi. Wewe ulibaki katikati ya barabara, kofia mkononi, maji yanakutiririka shingoni. Nikakuita, "Baba Kulwa, utaugua!" Ukacheka. "Niache, mayu. Huko chini ya ardhi mvua zote zilinipita juu ya kichwa, sikuiona hata moja." Nilikupenda upya siku ile, mtu mzima mwenye watoto pacha, amesimama kwenye tope kama ndama.

Lakini kifua hakikurudi. Ulikuwa ukikamua ng'ombe mmoja unapumzika kwanza ndipo umwendee wa pili. Kisha ikaja amri ya matuta: kila mwenye shamba la pamba achimbe matuta na kuyafunga kwa vizuizi, ili udongo usichukuliwe na maji. Ulikwenda kwenye baraza la mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, Luhende, ukaeleza kwa adabu kwamba mgodi umekula kifua chako na kwamba jembe linakushinda.

"Matuta hayachimbwi kwa kifua," Luhende akasema. "Yanachimbwa kwa mikono. Mikono unayo?"

Watu walicheka. Ukamjibu, "Na wewe mdomo unao, lakini sijaona ukichimba hata tuta moja."

Kwa jibu hilo ndipo ulipofungwa. Karani aliandika kwamba umevunja amri ya kilimo, lakini sote tuliokuwa pale tulimwona Luhende anavyotafuna shavu lake kwa ndani. Ukapelekwa jela ya mjini, ukachanganywa na wezi wa ng'ombe na watu waliopasuana vichwa pombeni.

Ndui ilipoingia mjini ilianzia kwenye mabanda ya vibarua wa pamba, ikaruka ukuta wa jela. Siku niliyokuja na michembe ya viazi na maziwa ya mgando walinizuia mbali na lango. Mkalimani alikuwa amesimama juu ya kreti, anatangaza maneno ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Wafungwa wamejaa kupita kiasi, alisema, na ugonjwa unapenda watu waliobanana. Kwa hiyo wenye makosa madogo, ambao hawakumwaga damu ya mtu, na wale wenye miili dhaifu, watapewa ruhusa, wakishakaguliwa na mganga wa serikali, kwenda kumalizia kifungo makwao. Sharti ni moja: kiongozi wa kijiji cha mfungwa aje mwenyewe langoni, akubali mbele ya bwana jela kwamba anampokea.

Moyo wangu uliruka. Kosa dogo, lilikuwa lako. Damu hukumwaga. Mwili dhaifu, hata kipofu angekusikia ukipumua. Na wewe ulikuwa umeshasikia, maana ulinipungia kutoka nyuma ya waya ukapaza sauti kadiri kifua kilivyokuruhusu: "Mwambie Luhende aje asimame tu! Hata kusema asiseme!" Ukakohoa, ukainama, halafu ukainua tena kichwa. "Mwambie matuta nitachimba! Nitachimba kwa kukaa!"

Nilitoka pale mbio. Nilimkuta Luhende amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, anatazama watu wakimchumia pamba yake. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mwanangwa." Akaitika marahaba bila kugeuka. Nikaeleza yote, pamoja na ahadi yako ya matuta. Midomo yangu inaniwasha hadi leo kwa kuifikisha ahadi ile kwake.

"Yaani nimchukue mtu kwenye ndui nimlete kwa watu wangu?" akaniuliza.

"Hajaugua, mwanangwa. Na Bwana Shauri amesema wanakaguliwa kwanza na mganga wa serikali. Akija nitamweka kwenye kibanda cha shambani, mimi mwenyewe nitampelekea chakula."

"Mumeo ana mdomo. Mdomo nao ni ugonjwa."

Akaita watu ili neno lisiwe lake peke yake. Walikuja wote. Walikuwepo waliokunywa maziwa yetu ukame ulipokuwa mkali. Alikuwepo Maganga, mdogo wako wa tumbo moja, ambaye ulimtolea ng'ombe zako mwenyewe apate kuoa. Luhende akauliza kama yuko mtu anayetaka ndui kijijini. Watu wakaguna. Mmoja akasema heri afe mmoja. Nikamgeukia Maganga. "Shemeji, sema. Ni kaka yako." Maganga akachokonoa ardhi kwa kidole cha mguu. "Mimi nafuata wenzangu," akasema. Ng'ombe wako wa kulimia alikuwa kwenye zizi lake wakati anasema hivyo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hili ndilo linalonitapisha. Siku iliyofuata Luhende alifunga mkokoteni, jua likiwa utosini, akaenda mjini. Alirudi na mpwa wake Ngasa, yule aliyempasua mwenzake fuvu kwa rungu kwenye ngoma. Langoni aliapa kwamba Ngasa alifungwa kwa ugomvi mdogo wa kusukumana. Ngasa alikuwa na vipele mkononi, ambavyo mganga hakuviona ila mimi niliviona kwa macho yangu alipokuwa anashuka, na Luhende akamfunika shuka akasema ni mbu. Wale wale waliosema heri afe mmoja walisogea kumpa mkono. Wakapika uji. Hakuna aliyeguna.

Siku chache baadaye, kijiji kiliponishinda, nikawaacha watoto kwa mama yangu nikarudi mjini, nikaapa nitakupokea mimi. Askari wa lango akaniambia mwanamke hampokei mfungwa, nikamwambia basi nitalala hapa mpaka sharti libadilike. Alinitazama, akauliza jina lako. Nikalitaja. Akaingia ndani, akakaa, akatoka akiwa amevua kofia.

Ulikuwa umeshazikwa, Baba Kulwa. Walikuwa wamekutia kwenye shimo la pamoja, wakakumwagia chokaa. Hawakunionyesha ni wapi. Sijui leo nielekeze wapi uso ninapokuombea.

Nilikaa pale chini siku kadhaa bila kuondoka, mpaka mzee mmoja wa Kiha akasogea kwenye waya. Uso wake umejaa makovu ya ndui ya utotoni. Kwa kuwa ilishampata, haikumrudia tena, na bwana jela alikuwa amemwachia kazi ya kuwanywesha wagonjwa maji. Ndiye Bitama. Alikuwa kibarua wa mkonge aliyepita njia akielekea kwao, akakamatwa kwa kutokuwa na kipande, ile kadi ya kazi. Aliniambia kwamba ulipoanza kuumwa ulikataa kunywa mpaka kijana aliyelala pembeni yako apewe kwanza. Kwamba ulimsimulia kijana huyo habari za mvua. Na kwamba mwisho wako haukuwa mrefu, kwa sababu kifua hakikuwa na nguvu ya kubishana. Hilo nalishukuru na kulichukia kwa pamoja.

"Na wewe, mzee, hutoki?" nikamuuliza. "Wewe kosa lako ni dogo kuliko yote."

"Kwetu ni mbali, mwanangu. Nani aje kutoka Buha kusimama hapa?"

Kufikia siku hizo watu walikuwa wamekufa wengi mno, na lile sharti la kiongozi lilikuwa limeshalegea. Ndugu yeyote sasa alitosha, hata mwanamke. Askari hakunificha. Sharti lililokuua wewe lilidumu muda wa kukuua tu, kisha likatupwa kama ganda. Nikasimama.

"Huyu mzee namchukua mimi."

"Ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Wewe Msukuma, huyu Mha. Baba yako kivipi?"

"Nimesema baba yangu. Fungua."

Akafungua.

Nilifika nyumbani na Bitama siku ya matanga yako. Walikuwa wamechinja ng'ombe wako, yule wa kulimia, bila kuniuliza. Maganga alikuwa analia kwa sauti ya kusikika mbugani, mikono yake inang'aa mafuta. Luhende amekaa mbele na bakuli. Walipomwona Bitama na makovu yake wakapiga kelele kwamba nimeleta ndui, ilhali Ngasa amejilaza kwenye nyumba ya mjomba wake, anaungua homa. Nilikitazama chungu kile kinavyochemka. Nikakishika kwa majani, nikakimwaga chote kwenye majivu, nyama na mchuzi. Nilichukua watoto, sanduku lako la bati na kuku, tukaondoka. Ndui iliingia kijijini kwa mlango wa Luhende. Ngasa alipona. Wengine, waliokuwa wamempa mkono, hawakupona. Sikufurahi, ila machozi nayo hayakuja.

Tuliishi mjini, upande wa stesheni. Mimi nikipika uji na maandazi kwa abiria, Bitama akisuka vikapu. Kulwa na Doto walimwita babu, wakajifunza Kiha chake kabla hawajajua Kiswahili sawasawa. Tulimzika mwaka jana, kaburi lake mwenyewe, na nikasimama mimi kama mtoto wake.

Mwezi uliopita serikali ilifanya sherehe uwanjani. Luhende alivishwa joho la heshima. Mkalimani akatangaza kwamba ni kwa kuwalinda watu wake wakati wa ndui. Watu wakapiga makofi. Aliposhuka alinitambua, akaja na mkono mbele. "Mama Kulwa! Hujambo? Watoto wamekua!"

Niliiweka mikono yangu nyuma.

Doto, binti yako mwenye macho yako, akaniuliza, "Mama, kwani mzee huyu ni nani?"

Wao walijua tu kwamba baba yao alikufa kwa ndui. Nikamjibu pale pale, kwa sauti ya kutangazia maandazi, kuanzia matuta hadi chokaa, na Luhende amesimama mbele yangu. Alijaribu kupita kushoto, Kulwa akasimama kushoto. Watu walianza kusogea. Nilisimulia mpaka mwisho, na jasho lilipokuwa linalowesha joho lake shingoni, mama mmoja nisiyemjua akasema nyuma yangu, "Na mume wangu je, mwanangwa? Naye alikungoja langoni."

Pumzika, mume wangu, popote walipokulaza.

Ni mimi mkeo,
Mama Kulwa