Usukani wa Kulia

Saskatoon, Kanada
Jumapili, 21 Aprili 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe na mdogo wangu Hasna ni wazima hapo Kabasa. Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo. Theluji imeisha wiki iliyopita, na kazi kwenye nyumba ya wazee ni ile ile, zamu nne kwa wiki.

Nina jambo ambalo sikulisema kwenye simu ya Ijumaa, kwa sababu ungeniuliza maswali ishirini kabla sijamaliza sentensi. Nimenunua gari la spoti. Toyota MR2 ya mwaka 1995, nyekundu, viti viwili, gia tano za mkono, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Lilitoka Japani kwa meli, likaja kwa mfanyabiashara wa Calgary anayeagiza magari ya aina hiyo.

Usukani uko kulia, Baba. Huku barabarani wanakaa kulia, kwa hiyo magari yao yote yana usukani kushoto. Miaka sita nimeendesha Corolla nikiwa nimeketi upande wa utingo. Nilipoingia kwenye hili, mkono wa kushoto ulishuka wenyewe ukaikuta gia, kama kwenye lile Isuzu ulilonifundishia kwenye uwanja wa pamba. Muuzaji alisema wateja wake huhangaika wiki nzima kulizoea. Mimi nilitoka nalo siku hiyo hiyo, kilomita mia sita hadi hapa.

Ukilikanyaga kwenye gia ya tatu, kwa sekunde moja halifanyi kitu. Halafu linakusukuma mgongoni. Matrida wa Butiama, yule ninayefanya naye kazi, amepanda mara moja akashuka anasoma sala ya Bikira Maria.

Picha nimeambatanisha. Niambie unalionaje.

Binti yako,
Yasmin


Kabasa, Bunda
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Mwanangu Yasmin,

Waalaykum salaam. Sisi tupo, mvua inanyesha vizuri. Mgongo ni ule ule. Naandika kwa mkono kama kawaida, Hasna ataipiga picha akutumie. Mambo ya gari hayafai kwenye simu, mtu anasahau nusu.

Nimeliangalia. Nilivaa miwani, nikaivua, nikaivaa tena. Robert wa stendi alikuja na Noah yake, nikamwonyesha. Anasema injini hiyo ni 3S, ndugu mmoja na iliyo kwenye Noah yake, ila yako wameifungia tabo ya kuiongezea nguvu. Tangu juzi anawaambia abiria wa stendi kwamba gari lake lina ndugu Kanada.

Makongoro naye ameiona picha. Unamkumbuka alivyokuwaga, miaka yote ishirini na miwili utingo wangu, na amenizidi miaka mitatu. Aliuliza viti vingapi. Nikamwambia viwili. Akasema, "Cha dereva na cha utingo. Basi hilo ni gari kamili, hivyo vingine ni vya wasindikizaji."

Gari ni zuri, Yasmin. Nimeendesha malori tisa na sijawahi kumiliki hata moja. Wewe una lako, na umekaa upande wako.

Kuna jambo moja la kuendesha usukani wa kulia kwenye barabara za kulia ambalo ningekuandikia. Ila karatasi imeisha.

Baba yako,
Abdulkadiri

Mpiga picha anaongeza: Dada, karatasi haijaisha, daftari lina kurasa arobaini. Na picha ya gari ameibandika kwenye kabati la vyombo. Yangu ya mahafali iko nyuma yake. – Hasna


Saskatoon
Jumapili, 2 Juni 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa.

Leo nimekwenda ziwani na kurudi, kilomita 236. Barabara imenyooka hadi unaona lori likiwa bado dogo kama kiberiti. Kwenye kituo cha mafuta wanaume watatu waliniuliza mwenye gari yuko wapi. Niliwasha, nikaondoka.

Ni jambo gani lile la barabara za kulia? Uliendesha Rwanda miaka mingi, na huko wanakaa kulia kama huku. Ningependa kulijua.

Binti yako,
Yasmin


Kabasa, Bunda
Ijumaa, 16 Agosti 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Hapa wote wazima. Mgongo ni ule ule.

Sikujibu barua yako ya Juni, kosa ni langu. Lakini wewe nawe una lako. Wiki sita kwenye simu unanieleza hali ya hewa. Hasna ameomba video ya gari mara mbili, mara ya kwanza ukamtumia ndege kwenye mti, mara ya pili ukamtumia wingu. Robert ananiuliza habari za ndugu wa Noah yake, nami namjibu vizuri wakati sijui.

Gari liko wapi? Kama limeharibika, sema kilichoharibika. Kama ni wewe, sema.

Baba yako,
Abdulkadiri


Saskatoon
Jumapili, 25 Agosti 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Mgongo unaendeleaje? Mwili wangu hauna jeraha, nalisema kwanza ili usome mengine bila wasiwasi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 7 Julai, saa moja na robo asubuhi. Nilijaza mafuta kwenye kituo kilicho nje ya mji. Barabara ilikuwa tupu pande zote. Nikatoka kituoni na kushika upande wa kushoto.

Kushoto, Baba. Kama natoka stendi ya Bunda kwenda Musoma. Kwenye Corolla haikunitokea hata siku moja, kwa sababu mwili ulikuwa unajua umekaa ugenini. Kwenye hili mwili ulikuwa nyumbani, ukaenda kama nyumbani. Niliendesha hivyo karibu kilomita moja, nimetulia, nimefungua kioo. Lori la ngano likatokea kwenye kilima mbele yangu. Lilipiga honi. Nikakata kushoto, nikaingia mtaroni kwenye majani marefu.

Dereva wa lori alishuka. Mzee wa umri wako. Hakunifokea. Aliangalia usukani ulipo, akaangalia barabara, akatikisa kichwa, akafunga kamba na kunivuta. Gari halikupata hata mchubuko.

Sijaliendesha tangu siku hiyo. Nilimpigia simu Matrida, akaja akalirudisha nyumbani kwa gia ya pili, wiki nzima akawa analalamika bega. Nimelitangaza, na mnunuzi anakuja Jumamosi tarehe 31. Wewe uliendesha miaka ishirini na miwili, mvua na vumbi, Mwanza, Kigali, Bujumbura, hukutoka barabarani hata mara moja. Kila mtu Bunda analijua hilo. Mimi nimeweza miezi miwili na nusu. Afadhali liende kwa mtu anayelifaa.

Binti yako,
Yasmin


Kabasa, Bunda
Jumanne, 27 Agosti 2024

Yasmin mwanangu,

Waalaykum salaam. Sikusubiri Ijumaa.

Mgongo hauna kitu. Haujawahi kuwa na kitu.

Novemba 2009 nilikuwa natoka Kigali na lori tupu. Nilikuwa nimekaa huko siku kumi na tisa. Tulivuka mpaka wa Rusumo vizuri, nikashika kushoto vizuri. Benaco tulisimama kunywa chai. Makongoro alirudi garini mapema akasinzia. Nilipomaliza chai barabara ilikuwa tupu, nikawasha, nikatoka kwa upande wa kulia, ule niliouzoea siku kumi na tisa. Nilienda kama kilomita mbili. Basi likatokea kwenye kona. Niliingia kwenye shamba la mihogo na lori likalala ubavu. Mkono wa kushoto wa Makongoro ulivunjika mahali pawili. Ndiyo maana haunyooki hadi leo. Sisi tuliwaambia watu kwamba basi lilitusukuma nje. Ni kweli lilitusukuma. Hatukusema lilikuwa upande wake.

Mwaka uliofuata niliacha kuendesha, nikasema ni mgongo. Mama yako alinikanda dawa hadi alipofariki. Makongoro hajamwambia mtu. Jana nilimwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Akasema, "Mkono ni wangu, mwandikie."

Sasa lile jambo la barabara za kulia. Mtu hakosei akiwa anatembea, kwa sababu magari mengine yanamwongoza. Anakosea anapowasha baada ya kusimama, hasa barabara ikiwa tupu. Sisi tulikuwaga na utaratibu. Utingo anashuka kwanza, anasimama upande wa barabara ambao lori litaushika, anainua mkono. Asipoinua mkono, dereva hawashi. Siku ile nilimhurumia nisimwamshe.

Na kuna maneno ya kusema kwa sauti kabla ya kukanyaga klachi. Nyumbani: dereva na mstari, kwa sababu usukani wa kulia unakuweka karibu na katikati ya barabara. Ugenini, na gari lile lile: dereva na mtaro. Ukiona mstari wa katikati uko kwenye bega lako la kulia, simama, umepotea. Ukitaka kupita gari, usichungulie mwenyewe, huwezi kuona. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa hiyo kiti cha pili si cha urembo.

Mimi si wa kukwambia uuze au usiuze. Ila usiuze kwa sababu yangu, kwa sababu huyo dereva unayemtaja hakuwepo. Wewe umesema kweli ndani ya wiki saba. Mimi imenichukua miaka karibu kumi na tano, na hata hivyo umeanza wewe. Kama ningekuwa na leseni ya kugawa, ningekupa wewe kabla yangu.

Baba yako,
Abdulkadiri

Mpiga picha: Nimesoma yote, hakunizuia. Mzee Makongoro anasema uandikiwe kwamba mkono unauma wakati wa mvua tu, na hata hivyo si kila mvua. – Hasna


Saskatoon
Jumapili, 8 Septemba 2024

Baba,

Assalaam alaykum. Mkono wa Mzee Makongoro unaendeleaje? Mwambie nimeuliza kabla ya kitu kingine chochote.

Mnunuzi alikuja Jumamosi ile, kijana mrefu, mwenye heshima. Alikaa kulia, akatafuta gia kwenye mlango kwa mkono wa kulia mara tatu. Akacheka, akaniomba niendeshe mimi yeye aone. Nilikaa dakika nzima mikono ikiwa mapajani. Kisha nikasema kwa sauti, dereva na mtaro, nikakanyaga klachi. Akauliza ni lugha gani. Nikamwambia ni ya malori. Tulizunguka kilomita 31, na tuliporudi nikamwomba radhi kwa kumpotezea asubuhi yake.

Tangu hapo Matrida ndiye utingo. Anashuka kila kituo cha mafuta, anasimama kando ya barabara na sare yake ya kazini, anainua mkono kama trafiki wa Musoma. Watu wanatupiga picha. Nikitaka kupita lori ananipigia kelele: "Bado! Tulia! Kuna gari, unakimbilia wapi, kwenu kunaungua? … Haya sasa, nenda, nenda dada!" Halafu lile gari linanyamaza sekunde moja, na linaondoka. Baba, natamani ungekuwepo kwenye sekunde hiyo.

Sikukasirika kuhusu mgongo. Nilikasirika siku mbili, ikaisha. Kwa mama utamwambia mwenyewe, kaburini.

Binti yako,
Yasmin


Kabasa, Bunda
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Mwanangu Yasmin,

Waalaykum salaam. Mkono wa Makongoro haujambo, anashukuru kuulizwa. Kwa mama yako nilikwenda Jumatano.

Wiki iliyopita nilikwenda Musoma kuhuisha leseni. Daktari alinipima macho akasema yanatosha, nivae miwani. Jana Robert alituazima Noah yake. Yeye na Hasna walikaa nyuma, Makongoro kushoto, mimi kwenye usukani. Tulikwenda Kisorya. Gari lile halina tabo na lina kelele ya bearing kwenye gurudumu la mbele, nimemwambia Robert. Nilipita malori mawili. Hasna alifumba macho, Robert alikuwa anaangalia mafuta.

Kisorya tulisimama mpaka kivuko cha Ukerewe kikaondoka na magari yake yote. Barabara ikabaki tupu kabisa. Makongoro hakusubiri kuambiwa. Alishuka, akasimama upande wa kushoto wa barabara, akainua mkono ule usionyooka. Unaelekeza vizuri tu.

Nikasema, dereva na mstari. Ndipo nikawasha.

Baba yako,
Abdulkadiri