Mpangaji wa Ghorofa ya Juu

Edmonton, London
Jumapili, mwezi wa kwanza

Mpendwa Dada Placida,

Shikamoo Dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo umepata nafuu? Shemeji hajambo, na wale mapacha wanasoma au ndiyo mpira tu kutwa? Mimi huku nashukuru Mungu, nakula, nalala, na zamu zangu za kulea wazee naenda. Usishangae Protas, anayekuja huko likizo, kukukabidhi karatasi. Simu yako Mama ndiye anayeipokea, na haya si ya masikio yake.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini hela ya kumsafishia Mama damu siku hizi inachelewa, na wiki ile haikufika kabisa mpaka miguu ikamvimba. Dada, ghorofa ya juu haikuwa na mtu. Tangu marehemu mume wangu aniachie nyumba hii, nimekuwa nikiishi chini, juu napangisha, na kodi ya juu ndiyo inayompeleka Mama kwenye mashine. Wanjohi, yule Mkenya, alihama mwezi wa kumi. Alisema hana ugomvi nami, ila amechoka kufanya kazi ya kulipia hita. Ni kweli. Chini joto ni la gesi, lakini juu ni hita za umeme za kizamani, na joto lote linatorokea darini. Unawasha kutwa, ukigusa ukuta ni barafu. Niliulizia kuzibadilisha; nilipotajiwa bei nilicheka kama chizi.

Balbir, dalali wetu, Singasinga mzaliwa wa Kisumu anayeongea Kiswahili kuliko watoto wetu wa huku, aliniambia nipunguze kodi. Nikapunguza. Akasema nipake rangi. Nikapaka mwenyewe. Watu wakaja, wakasifu rangi, wakauliza bili ya umeme, kisha kimya. Nilikuwa napanda kusali rozari kwenye vyumba vile vitupu, na kabla sijafika fungu la tatu nalia.

Ndipo nikapata akili, au tuseme shetani alinipa yake. Siku ya watu kuja kuangalia, nikawa napikia juu. Tanuri linawaka tangu asubuhi, ndizi na maharage vinatokota, madirisha yanatoka jasho. Nawakaribisha mezani, maana mgeni haondoki kwangu na njaa. Balbir alisema katika udalali wake wote hajaona wateja wanaoomba kurudi kuangalia tena, na wanakuja na mashemeji. Walikula, Dada! Walikula wakashiba, wakaniombea baraka, wakaenda kupanga kwingine.

Mpaka akaja Gladness, binti wa Singida, na mumewe Evans na kichanga chao. Walikuwa wanakaa chumba kimoja Walthamstow, ukuta umeota ukungu, na mtoto anakohoa. Gladness alipoketi jikoni alimvua mtoto koti na kofia, akasema hatimaye wamepata nyumba yenye joto. Akaniuliza kwa adabu kama bili ya hita inasumbua. Nikamjibu haisumbui hata kidogo. Hivihivi, mwiko mkononi. Wakakubali kuichukua.

Mzungu angewaagia mlangoni, mambo yakaisha. Mimi nikazima tanuri, nikavaa koti, nikawasindikiza mpaka kituo cha basi, na habari za nyumbani zikatunogea hata mabasi yakawa yanatupita. Kumbe kofia ya mtoto imebaki juu. Tukarudi wote. Tulipofungua mlango, loo, lile joto lilishajiendea zake. Gladness alimzungushia mtoto kanga, akaniangalia. Mtoto akakohoa.

Nilishindwa, Dada. Nilikaa kwenye ngazi nikawaambia yote: hita, Wanjohi, ndizi, hata Mama na mashine yake. Evans aliwaka, akasema nilitaka kumuua mwanawe. Walipokuwa wanashuka niliwapita mbio, nikafungua mlango wangu wa chini, nikawasihi waingie waguse ukuta. Waguse wenyewe.

Wamehamia chini Jumamosi. Kodi wamelipa, na hela ya Mama nimempa Protas akuletee. Tafadhali ukiipokea tu, Mama apelekwe hospitali bila kukosa. Mimi nimepandisha kitanda changu huku juu. Naandika nimevaa koti na soksi mbilimbili, na hita siwashi kwa sababu bili sasa ni yangu. Kifua changu unakijua. Kimeanza kulia filimbi kama utotoni, na naogopa, sikufichi. Mtoto wa chini namsikia akicheka.

Nisalimie Shemeji na mapacha, na Mama umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Najua atakuuliza mpangaji wa juu ni mtu wa namna gani. Mwambie amepatikana mwanamke mtu mzima, Mkatoliki, hana makelele, na hana pa kuhamia.

Mdogo wako akupendaye,
Blandina