Sahani ya padri

Butembo, siku ya nne

Amekula. Tangu malaria imwachilie, siku nne sasa, mtoto wangu Grâce alikuwa anafunga kinywa kila nikileta chakula. Mikono yake imekuwa miepesi, naogopa kuishika.

Leo nilifungua buffet ya mama mkwe, kabati lake la vyombo, nikatoa sahani moja ya porcelaine, zile za zamani za Ufaransa zilizochorwa maua. Humo anapakuliwa chakula padri peke yake akitutembelea, sisi hatuzigusi. Nikafunika maua yote na bugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Kula, utafute maua," nikamwambia.

Alikula mpaka waridi likatokea. Akacheka.

Ndipo mama mkwe akaingia, katoka Beni na vumbi lake.

"Weye! Sahani ya mon père?"

"Mama, mon père iko na njaa yake kila siku. Huyu njaa ilimukimbia."

"Na akivunja?"

"Avunje, lakini akiwa ameshiba."

Nilisema hivyo, na nyumba ni yake, anaweza kutufukuza.

Alimwangalia mtoto. Akafunga buffet, akachomoa ufunguo akaufungia ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Ile sahani iliyokuwa mikononi mwa Grâce hakuidai.