Egalizeri Yako Nilisha Kuiunga

Mama Ilunga,

Ni miye, bwana yako. Nakuandikia juu nikisema peke mu nyumba, majirani banaanza kuniangalia mubaya.

Egalizeri yako nilisha kuiunga.

Nayua unacheka. Miaka mbili ile mashini ya kupanga sauti ilikuwa chini ya kitanda, mu kartoni. Siku uliileta kutoka Bel-Air uliibeba ku kichwa, mu basani, na kitenge yulu yake sawa mutoto. Ulisema, "Sasa nitasikia maneno ya bantu. Weye unasikilizaka tumbo ya muziki tu, ngoma. Ushushe ngoma." Nilikuyibu ni mataa ya bure, haina kazi. Nilikudanganya. Sikuyua namna ya kuiunga. Nilisikia haya kukuambia. Basi.

Kilio yako tulimaliza mwezi ile ilipita. Mwaka muzima ampli, mashini ya kukuza sauti, ilikuwa inafunikwa na kitenge, hakuna muziki mu nyumba, vile banafanyaka kwetu. Ndugu zako balikuya, balinikata nywele, balinimwangia maji, balibeba nguo zako. Yaya Veronika, dada yako mukubwa, ndiye alitosha kitenge yulu ya ampli. Alisema, "Shemeji, fungula. Hata panya banachoka na hii kimya."

Sikufungula. Niliogopa.

Ya kweli ni hii: sauti yako ilianza kunipotea. Sura yako naiona. Maboko yako, vidole yote, naiona. Sauti, nikiitafuta, inakuya ya muntu mwingine. Naweza kuwa na mufuko ku bega, pale ku depo ya barabara ya Luano, nasimama katikati ya lori na mulango, najiuliza: aliniitaka namna gani? Hakuna. Bantu nyuma yangu banalalamika, "Muzee, pita, mifuko iko nzito."

Ilibakia kaseti ya korali. Moya tu. Bamama makumi mbili, Yaya Veronika na weye ndani. Miye sikukuya kukusikia ku kanisa hata siku moya. Siku ya yenga, siku ya kusali, nilikuwa nabeba mifuko. Mu nyumba hukuimba, ulisemaka shingo inachoka. Mwisho nikafungula ile kaseti: sawa bantu banaimba ndani ya mufuko ya unga. Ngoma inakula sauti yote. Ndiyo nilikumbuka kartoni.

Siku ya yenga moya sikuenda kubeba. Nilishinda nyuma ya ampli. Kuko matundu ine ya kaseti: mbili ya kutosha sauti, mbili ya kuingiza. Nilitosha mafil, zile nyaya ya mashini ya kaseti, nikatia ya egalizeri. Nikatia tundu ya kutoka mu tundu ya kutoka. Mataa iliwaka, ikasimama. Kimya. Nilikaa pale mpaka muguu ikakufa ganzi. Kisha nikawaza sawa ku depo: muntu anaingia na mufuko ku mulango moya, anatoka ku ingine. Bote bakitoka, kazi haitembee. Nikageuza. Ya kutoka ku ampli iingie ku egalizeri. Ya kutoka ku egalizeri irudie ku ampli. Mashini ya kaseti nikaitia nyuma ya egalizeri yenyewe, iko na matundu yake. Nikafinya bouton ya kaseti, ku ampli na ku egalizeri, nikatia ile ya korali.

Hapo mataa ikaanza kutembea.

Mvua ilikuwa inaanza yulu ya tole ya paa, kidogo kidogo. Mistari kumi ya mataa, ya kijani, inapanda, inashuka, sawa bantu balilala banapumua. Nilikaa ku simenti. Nyumba ikaenda mbali. Nikajiona mu kanisa, nyuma kabisa, na nguo ya kazi, vumbi ya depo ku nywele, na hakuna muntu ananifukuza.

Egalizeri iko na vijiti kumi, unapandisha, unashusha. Juu ya kukuheshimu nilishusha yote ya ngoma mpaka chini, vile ulilombaka. Nikapandisha ya sauti nyembamba. Polepole, sawa muntu anafunika mutoto. Bamama bakatoka moya moya. Na moya akapanda yulu ya bote, mwepesi, sawa moshi. Nikasema: ni yee. Nikalia. Siku tatu, nikitoka kazi, nilikaa pale. Nilikula mbele ya ile sauti.

Siku ya ine Yaya Veronika akakuya kuniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikamuambia, "Kaa. Sikia muke yangu. Siku tatu nalia hapa." Alisikia. Akaweka sufuria chini.

"Shemeji," akasema, "ile ni miye."

Yee akacheka mpaka akakaa. "Siku tatu unalia juu ya miye? Bwana yangu hajaniliaka hata saa moya." Nikacheka pia, Mama Ilunga. Unisamehe. Kisha akapangusa macho, akasema, "Mudogo yangu alikuwa anaimba chini. Chini kabisa, karibu sawa babwana. Weye ulimufunga pamoja na ngoma."

Nikapandisha kijiti ya pili. Kidogo. Na ya tatu. Ngoma ikarudi, na pembeni ya ngoma, nyuma kidogo, kukatoka muntu. Sikuuliza kitu. Vile unavutaka neno ku mwisho. Vile uliniitaka nikule, na miye ningali ku mulango natosha viatu. Yaya Veronika akasema, "Ndiyo huyo." Miye nilikuwa nilisha kuyua.

Miaka yote uligombana na ile ngoma, kumbe ulikuwa unaimba pamoja nayo.

Niliambia chef ya depo: siku ya yenga sibebe tena. Alikasirika. Akasirike. Yaya Veronika anasema ku korali fasi yako bado haina muntu. Nitaenda kukaa nyuma, kila siku ya yenga, mpaka baniite na miye niimbe. Nakuahidi.

Courant ya umeme inakatika sasa hivi. Ni muchana, naona karatasi bado. Kaseti inasimama, mataa inalala. Niliogopa utaenda nayo, weye na sauti yako. Niliweka kalamu chini, nikangoja.

Hukuenda.

Ulale muzuri, Mama Ilunga.

Bwana yako,
Baba Ilunga