Mama Anadhani Dawa Inashonwa kwa Kipimo Chake

Mpendwa Bibi Xavérine, naomba unisaidie maana nimejifunga mwenyewe, mimi ni fundi cherehani hapa Biryogo, mama yangu ana kansa ya utumbo na daktari amesema kumpasua hakufai tena, sasa dada yangu Uwineza aliyeolewa Ubelgiji amepata hospitali yenye dawa mpya, inatengenezwa kwa chembe za panya, inatiwa kwenye mshipa nayo inautafuta uvimbe na kuushika, na barua yao ya Kifaransa inasema ni essai, mama akaniuliza essai ni nini, nikamjibu ni kama essayage, mteja anajaribu gauni na fundi anarekebisha mpaka limkae, basi akafurahi, anawaambia majirani, "Wazungu wananishonea dawa yangu," kumbe essai yenyewe ni jaribio la dawa, barua inasema hawajui kama itasaidia na wengine imewadhuru, ya panya sijamwambia, tunasafiri Alhamisi ijayo na kule atatia kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali, Bibi, nimwachie furaha yake?
Nasiri

Nasiri mwanangu, vijana wa gazeti waliponisomea barua yako niliwaambia warudie. Umemdanganya mama yako kwa maneno ya cherehani. Pole, woga wako naujua, nilimuuguza mume wangu kwa ugonjwa huo huo. Lakini gauni likikataa kukaa unalifumua. Mama utamfumulia wapi?

Hao madaktari hawamshonei yeye. Wanataka kujua kama dawa inafanya kazi, na watajifunzia mwilini mwake. Si ubaya, mtu anaweza kukubali, hata kwa ajili ya wagonjwa watakaokuja. Ila akubali yeye. Kidole ni chake.

Keti naye leo, kabla hujashona hata kifungo. Sema, "Mama, nilikudanganya. Hawajui." Mwambie na ya panya. Kama ni halali au siyo, muulizeni shehe wenu, mimi ni Mkatoliki, sijitii humo. Mwambie anaweza kufia kule, umuulize anataka nani amwoshe. Linauma? Litauma zaidi nesi wa kule akikuuliza wewe, na mama hasikii tena.

Kisha nyamaza. Usimsukume kwa machozi. Akisema twende, mtafutie sweta nzito mwende. Akisema anabaki, mpelekee Uwineza habari siku hiyo hiyo, nafasi apewe mwingine, halafu nenda kwa daktari wa hapa umuombe dawa ya maumivu, ya kutosha, na usitoke mlangoni kwake mpaka akupe.