Kopo Lenye Kikapu cha Kahawa

Jakobsberg, Stockholm
9 Februari 1971

Dada yangu Gaudiosa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. U hali gani, na shemeji mgongo wake umepoa? Sisi huku wazima, ila theluji imefika madirishani, nami bado nagombana na kila mtu, kama unavyonijua.

Barua yako nimeipata. Unasema umepokea kopo la mfano la tumbaku ya Kimarekani, ile ya kubana kwenye fizi, na kwamba umekubali kuiuza dukani na umekwisha kuwaahidi wageni wa harusi ya mwanao Agripina. Maandishi ya kopo yamekutoa machozi, kwani yanasimulia kikapu cha kahawa ya kutafuna anachopewa mgeni kwetu. Ukauliza ni nani huko ughaibuni anayetujua hivyo.

Kwanza uwajue wenye kopo. Zamani, kabla sigara hazijatawala, Wamarekani wengi walitafuna tumbaku. Hata mahakamani paliwekwa vyombo vya kutemea mate. Viwanda vilikuwa vingi na tumbaku ni ileile, basi wakashindana kwa picha: farasi, mabibi warembo, na Wahindi Wekundu walionyang'anywa ardhi kisha wakabandikwa kwenye pakiti kama wenyeji wema. Sasa wanatafuta sura mpya. Sura hiyo ni sisi.

Mwaka jana kampuni hiyo ilifungua ofisi hapa mjini, maana Waswidi nao ni mabingwa wa ugoro wa mdomoni. Nilikwenda kuwashambulia. Nilimwambia meneja kwamba kwetu mgeni hupewa kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, si uchafu wake. Hakukasirika hata kidogo. Aliniomba kwa upole nimwandikie hayo, ukurasa mmoja tu.

Nikaandika, dada. Maneno yaliyokutoa machozi ni yangu.

Akeyo, muuguzi Mkenya, jirani yetu, alinicheka: eti mzee Severin amewapigia Wamarekani kelele mpaka wakampa kalamu! Kisha akaacha kucheka, akanieleza vidonda vya fizi vya watumiaji wa ugoro anavyovisafisha wodini. Hiyo ni miezi minne sasa, na sikukuandikia neno. Si kwamba walinilipa. Kwa miaka kumi na mmoja wahariri wamenirudishia makala zangu; hilo ndilo andiko langu la kwanza kupigwa chapa, tena kwa rangi. Kopo walilonipa nililiweka juu ya kabati, nikawa nalitazama kila nikitoka kazini.

Makopo yakifika, yarudishe yote. Wageni uliokwisha kuwaahidi wasomee barua hii, na jina langu usiliruke. Nimewataja wengi hadharani maishani mwangu, wala sikumwonea mtu haya. Zamu hii nitajwe mimi.

Mpe shemeji pole yangu, na Agripina mkumbatie kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote nyumbani.

Mdogo wako,
Severin